Kushinda kishawishi cha kubeti kwa imani: mwongozo kamili kwa Mkristo aliyeahidi mara nyingi na kurudi palepale

Jumapili unatoka ibadani umeamua. Umeombewa, umefuta programu kwenye simu, umemwambia Mungu imetosha. Jumatano unaangalia ratiba ya mechi, "kuangalia tu". Ijumaa mshahara unaingia. Jumamosi alasiri mkeka, yaani orodha ya mechi ulizobetia, umeshawekwa, na Jumapili inayofuata unakaa benchi la mwisho ili mchungaji asikutazame usoni.

Vijana wengi, na watu wazima wengi zaidi ya wanaokiri, wameuzunguka mzunguko huu hadi wakajiona hawana imani. Karibu wote wanafikiri kosa lao ni kutoamua kwa nguvu ya kutosha, kwa hiyo kila mara wanaongeza ukali wa kiapo. Kiapo si dawa. Petro aliapa kwamba yuko tayari kufa na Bwana wake, na usiku uleule akamkana mbele ya kijakazi. Nia yake ilikuwa ya kweli kabisa. Ila alikuwa anajiegemea mwenyewe.

Waebrania 4:16 inatuita tukikaribie kiti cha neema "kwa ujasiri", na aya inayotangulia inataja chanzo cha ujasiri huo: tunaye Kuhani aliyejaribiwa sawasawa na sisi, bila kufanya dhambi. Ujasiri huo unamfaa mtu ambaye bado ni dhaifu. Ndio tutakaoufanyia kazi hapa, hatua kwa hatua, pamoja na mambo ya simu, pesa na ratiba ambayo mahubiri mengi huyapita.

## Andaa vitu hivi kwanza

Usianze hatua ya kwanza kabla hujavipata. Wengi hukwama katikati kwa sababu walianza na hamasa peke yake.

- Daftari la kawaida na kalamu. Usitumie simu kuandika, kwa kuwa simu ndiyo uwanja wa vita.
- Taarifa ya miamala yako ya miezi mitatu kutoka kwenye mtandao wa simu unaotumia, na ya benki kama unaweka dau kwa njia hiyo.
- Biblia ya karatasi.
- Jina la mtu mmoja, mtu mzima katika imani, wa jinsia yako, asiyebeti. Anaweza kuwa mzee wa kanisa, katekista, mlezi wa vijana, kiongozi wa jumuiya, au kaka yako mkubwa.
- Saa mbili za utulivu mchana. Usiku wa manane mtu huyapima mambo vibaya.

Kuna kitu kimoja cha kuacha nje ya mlango: ubishi wa kama kubeti ni dhambi au la. Madhehebu hayasemi kwa sauti moja. Makanisa mengi ya kilokole yanakataza moja kwa moja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2413, inasema michezo ya bahati nasibu kwa yenyewe haipingani na haki, lakini haikubaliki pale inapomnyima mtu mahitaji yake au ya wengine, na inaonya kwamba tamaa ya kamari inaweza kumfanya mtu kuwa mtumwa. Kama ada ya mtoto imeliwa na mkeka, wewe umeshavuka mstari kwa hesabu ya kanisa lolote. Acha ubishi, ufanye kazi.

## Hatua ya 1: Andika ukweli kwa tarakimu

Chukua taarifa ya miamala. Pitia mstari kwa mstari. Upande wa kushoto wa daftari andika kila dau lililotoka, upande wa kulia kila ushindi ulioingia. Jumlisha. Chini yake andika madeni: mikopo ya simu, wenzako kazini, dukani kwa Mangi, pesa ya kikundi uliyoshika.

Sababu: mbeti huyakumbuka mafanikio na kuyasahau mengine. Siku mkeka ulipotiki unaikumbuka na nguo uliyovaa. Zile Jumamosi nyingine zimeyeyuka. Yakobo 1:14 inasema kila mmoja "hujaribiwa na tamaa yake mwenyewe huku akivutwa na kudanganywa", na udanganyifu hauvumilii tarakimu.

Ukiwa hapo, fanya na hesabu hii. Chukua mechi yenye nafasi sawa pande zote mbili, kama kurusha sarafu. Malipo ya haki yangekuwa mara 2. Kampuni inakupa 1.90. Kwa wastani, kila 1,000 unayoweka inarudi 950. Hasara hiyo inaonekana ndogo. Sasa unganisha mechi 10 za namna hiyo kwenye mkeka mmoja. Malipo yanafika takriban mara 613, kwa hiyo 1,000 inaahidi 613,000, na macho yanawaka. Lakini nafasi ya zote kutiki ni 1 kati ya 1,024. Ukipiga hesabu, kila 1,000 inayoingia kwenye mkeka wa aina hiyo inarudi kwa wastani kama 599. Kadiri unavyoongeza timu ndivyo unavyoikatia kampuni kipande kikubwa zaidi.

Na ule mkeka "uliochanika kwa timu moja tu"? Katika mfano huohuo, kukosa kwa timu moja hutokea mara 10 zaidi ya kushinda. Ni jambo la kawaida kabisa la hesabu. Halikuwa ishara kwamba umekaribia, wala Mungu hakuwa anakudokezea kwamba wiki ijayo ni zamu yako.

Onyo: ukiona jumla, wazo la kwanza litakalokuja ni "nirudishe kwanza hela yangu, ndipo niache". Wazo hilo limewafilisi wengi kuliko tamaa ya utajiri. Pesa iliyopotea imepotea. Iandike "imekwenda" na uipigie mstari.

Utajua umefanikiwa: unazo namba tatu kwenye karatasi, yaani zilizotoka, zilizorudi na unazodaiwa, na unaweza kuzisoma kwa sauti bila kuongeza "lakini".

## Hatua ya 2: Mwendee Mungu kabla hujatengemaa

Hapa ndipo watu wa kanisani wanaposhindwa kuliko watu wa mtaani. Mtu aliyeanguka Jumamosi anajipa adhabu ya wiki mbili: haombi, haimbi kwaya, hashiriki meza ya Bwana, akisubiri ajisikie safi kidogo ndipo arudi. Wiki hizo mbili bila maombi ndizo zinazomwangusha tena.

Soma ile aya ya Waebrania mpaka mwisho. Tunakikaribia kiti cha neema ili tupewe rehema na "kupata neema ya kutusaidia wakati wa mahitaji". Mahitaji ni sasa, simu ikiwa mkononi na namba ya siri ikiwa vidoleni. Anayesubiri apone ndipo aende kwa tabibu hajaelewa kazi ya tabibu.

Fanya hivi: funga mlango, fungua daftari, msomee Mungu zile namba. Taja kiasi. Taja uliyemdanganya. Usitumie maneno ya jumla kama "udhaifu wangu". Kisha soma 1 Yohana 1:9, na uichukue kama neno la mtu mwaminifu: anasamehe na kusafisha. Kama wewe ni Mkatoliki, nenda kwenye Kitubio wiki hiyohiyo, usingoje Kwaresima.

Usiweke nadhiri hapa. Usimwambie Mungu "nikibeti tena nipate ajali". Maneno hayo yanaleta hofu, na hofu ikipoa unabaki mikono mitupu. Omba siku moja tu: leo.

Utajua umefanikiwa: siku unapoanguka, unaomba saa ileile.

## Hatua ya 3: Mwambie mtu mmoja, yote

Hatua hii ndiyo watu huiruka, na ndiyo sababu hatua nyingine zote huporomoka. Mtu anafanya kila kitu, anafuta programu, anafunga siku tatu, anakesha, isipokuwa hili. Halafu anashangaa.

Kubeti kwa simu ni dhambi ya gizani. Mlevi ananuka na mzinzi huonekana. Mbeti anakaa sebuleni na familia, simu kifuani, anapoteza kodi ya nyumba huku anacheka na watoto, na hakuna anayejua. Siri ndiyo inayoiwezesha. Ndiyo maana Yakobo 5:16 haikuishia kwenye kumwungamia Mungu. Inasema "ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa".

Tuma ujumbe kwanza, mfupi, ili usiweze kurudi nyuma:

"Shikamoo mzee. Naomba nafasi nije nikuone leo au kesho jioni. Nina jambo langu binafsi linanitesa, nahitaji ushauri na maombi."

Mkikaa, usizunguke na habari za mvua. Sema hivi, kwa maneno yako: "Mzee, mimi nabeti. Nimejaribu kuacha nimeshindwa. Miezi mitatu hii nimetoa kiasi hiki. Nadaiwa na hawa. Mama watoto hajui. Naomba uniulize kila Jumamosi usiku na kila siku ya mshahara, na nikikwepa unifuate."

Mpe karatasi. Mwache asome mwenyewe.

Maonyo ni matatu. Kwanza, usimchague rafiki mnayebeti naye ambaye "naye anataka kuacha". Mtaachana na kubeti kwa siku nne, kisha mmoja ataleta habari ya mechi ya uhakika. Pili, usisimame madhabahuni kutoa ushuhuda mbele ya kanisa zima wiki hii. Makofi yatakupa hisia ya ushindi ambao bado haujapatikana, na ukianguka utaona aibu ya kurudi. Ushuhuda utangoje. Tatu, usimwombe huyo mtu mkopo. Ukimwomba hela umembadilisha kutoka mlezi kuwa mdai, na utaanza kumkwepa.

Na mke au mume je? Ajue. Pesa iliyopotea ni yake pia. Lakini mara nyingi ni busara kumwambia baada ya kuongea na huyo mlezi, pengine akiwepo, ukiwa na karatasi ya namba na mpango wa kulipa. Usimwambie nusu. Ukificha deni moja, siku litakapojitokeza utarudishwa mwanzo kabisa.

Utajua umefanikiwa: kuna binadamu mmoja anayejua kiasi kamili, na simu yake ikiita Jumamosi usiku unajua kwa nini inaita.

## Hatua ya 4: Funga milango kwa mikono yako

Warumi 13:14 inasema "msiuangalie mwili, hata kuwasha tamaa zake". Yusufu alipokamatwa na mke wa Potifa hakukaa kumhubiria. Aliacha vazi lake mikononi mwa mwanamke akakimbia nje. Anayebaki chumbani ili athibitishe kuwa ana imani kubwa hajafanana na Yusufu.

Fanya haya siku moja, mlezi wako akiwa kando yako:

1. Kama kuna salio kwenye akaunti ya kubeti, toa lote. Likiwa chini ya kiwango cha kutoa, liache lipotee. Usiliongezee ili "lifike kiwango".
2. Andikia huduma kwa wateja wa kila kampuni unayotumia, uombe akaunti ifungwe moja kwa moja na usitumiwe tena matangazo. Piga picha jibu lao. Kufuta programu pekee hakufungi akaunti, na hii ndiyo sababu kila mara unarudi ndani ya dakika mbili.
3. Zuia namba zinazotuma jumbe za bonasi na dau la bure. Bonasi hutumwa zaidi kwa aliyenyamaza.
4. Toka kwenye magrupu ya mikeka ya WhatsApp na Telegram. Yule anayeuza "mechi za uhakika" kwa 5,000, kama angekuwa na uhakika angeweka nyumba yake asingekuuzia wewe.
5. Weka programu ya kuzuia tovuti za kubeti, na mlezi aweke namba ya siri asiyokuambia.
6. Futa michezo ya haraka, ile ya kindege na mingine inayokwisha kwa sekunde. Hii inashika vibaya kuliko mpira kwa sababu haikupi hata muda wa kujuta kati ya dau na dau.
7. Jizuie mikopo ya simu. Kama mtandao wako unaruhusu kuondoa huduma ya kukopa, iondoe.

Kuna watakaosema hayo ni mambo ya kibinadamu, kwamba mwenye Roho hahitaji namba ya siri ya mtu mwingine. 1 Wakorintho 10:13 inaahidi kwamba pamoja na jaribu Mungu "atafanya na mlango wa kutokea". Mlango ni wa kutokea. Ukiupata ukabaki umesimama kizingitini, umejizuia mwenyewe.

Utajua umefanikiwa: ili kuweka dau leo utahitaji kufanya kazi ya zaidi ya nusu saa na kumdanganya angalau mtu mmoja.

## Hatua ya 5: Chagua maneno matatu na uyakariri

Yesu jangwani alijibu mara tatu, na mara zote tatu alitumia Kumbukumbu la Torati, sura ya 6 na ya 8. Hakutafuta andiko jipya akiwa na njaa ya siku arobaini. Alitoa lililokuwa tayari kinywani. Nawe huwezi kuanza kupekua Biblia mechi ikiwa inaanza baada ya dakika kumi.

Chagua matatu, uyaandike kwa mkono, uyaseme kwa sauti asubuhi na jioni mpaka yatoke bila kufikiri. Mimi ningependekeza haya, kwa sababu kila moja linajibu uongo wake.

Uongo: "Mara moja tu haitanishinda." Jibu ni 1 Wakorintho 6:12: "mimi sitatiwa chini ya uwezo wa kitu chochote".

Uongo: "Bila hela ya ghafla sitatoka kwenye hali hii." Jibu ni Wafilipi 4:13, "nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu". Andiko hili limebandikwa kwenye daladala nyingi kama ahadi ya kupata kila kitu. Soma aya mbili zilizo juu yake. Paulo anaongelea kujua kushiba na kujua kuona njaa. Nguvu anayoisema ni ya kuishi na kidogo bila kuvunjika, na hiyo ndiyo hasa anayoihitaji mbeti tarehe 20 ya mwezi.

Uongo: "Nimeombea mkeka huu." Hapa nikae kidogo, kwa sababu uongo huu ni wa waumini peke yao na hauwagusi wengine. Mtu anafunga, anaomba, anaahidi fungu la kumi la jekipoti, anaota namba, anaona ni ufunuo. Angalia jaribu la kinara cha hekalu katika Mathayo 4. Ibilisi alimpandisha Yesu juu akamwambia ajitupe, na akamnukulia Zaburi ya 91 kwamba malaika watamchukua. Andiko lilikuwa la kweli. Matumizi yalikuwa ya kumlazimisha Mungu aonyeshe kama anajali. Kuweka kodi ya nyumba kwenye mkeka halafu kupiga magoti ni kujitupa kutoka kinarani. Jibu la Yesu linatosha neno kwa neno: "Usimjaribu Bwana Mungu wako."

Na fungu la kumi la jekipoti? Mungu hana ubia na kampuni ya kubeti.

Utajua umefanikiwa: ukiamshwa usingizini unaweza kuyasema matatu bila karatasi.

## Hatua ya 6: Jizoeze nusu saa ya moto

Kishawishi kina tabia ya wimbi. Kinapanda, kinafika juu, kinashuka, mara nyingi ndani ya nusu saa hivi, kama hukukilisha. Mtu aliyezoea kukubali kila mara hajawahi kukiona kikishuka, ndiyo maana anaamini hakishuki.

Andika mpango huu na uuweke ndani ya kava la simu:

Dakika ya kwanza: sema kwa sauti jina la Yesu na andiko lako moja. Sauti ni muhimu. Mawazo hayapambani vizuri na mawazo.

Dakika ya pili: simama, ondoka ulipo. Kama uko kibanda umiza, kile cha kuonyeshea mpira, toka nje. Kama uko kitandani, nenda uani.

Dakika ya tatu: mpigie mlezi. Asipopokea, tuma neno moja mlilokubaliana, kwa mfano "ombea". Usieleze.

Zinazobaki: mikono ifanye kazi. Osha vyombo, fua, chota maji, tengeneza mnyororo wa pikipiki. Kaa mbali na kiti na simu kwa wakati mmoja.

Kisha jiulize maswali manne: nina njaa? nina hasira? niko peke yangu? nimechoka? Ibilisi alimjia Yesu na habari ya mkate alipokuwa na njaa. Eliya alipoomba kufa chini ya mretemu, Mungu alimpa kwanza usingizi, mkate na maji, mazungumzo yakafuata baadaye. Mara nyingine kinachoitwa vita vya kiroho saa nne usiku kinataka ugali na kulala.

Jizoeze mpango huu siku ambayo huna kishawishi chochote. Ndiyo, itaonekana upuuzi. Fanya.

Utajua umefanikiwa: umekaa na hamu kali mpaka ikashuka yenyewe, mara moja tu. Baada ya hiyo mara moja unajua kwa mwili wako kwamba inashuka. Ujasiri unaanzia hapo, na utaona maombi yako yanabadilika, yanapoa yale ya kupiga kelele.

## Hatua ya 7: Linda siku ya mshahara

Kwa bodaboda na wafanyabiashara wadogo kila siku ni siku ya mshahara, kwa hiyo hatua hii ni ya kila jioni.

Pesa ikiingia, ndani ya saa moja igawanye: kodi, chakula, umeme, ada, deni moja dogo, sadaka, kikundi. Lipa moja kwa moja kwa anayestahili. Inayobaki mpe mwenza au mlezi ashike, nawe ubaki na nauli na ya dharura ndogo. Kama una kikundi cha kuweka na kukopa, ongeza hisa. Pesa iliyo kwenye hisa huwezi kuibeti saa tano usiku.

Madeni yalipwe kuanzia dogo. Mfuate kila mdai umwambie utalipa kiasi gani na lini, kiasi unachokiweza kweli. Wengi watapunguza ukali wakiona umekuja mwenyewe.

Utajua umefanikiwa: tarehe 5 ya mwezi kodi imelipwa.

## Hatua ya 8: Jaza nyumba iliyofagiwa

Katika Mathayo 12 pepo mchafu aliyetoka anarudi na kuikuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa. Anachukua wengine saba. Jumamosi yako isiwe tupu.

Kubeti kulikuwa kunakupa vitu halisi: kijiwe, mazungumzo, matumaini ya wiki, msisimko. Usijifanye hukuvipenda. Tafuta mbadala wa kila kimoja. Mpira wenyewe si adui, cheza timu ya vijana ya usharika badala ya kukaa ukitazama. Mazoezi ya kwaya, kutembelea wagonjwa, kibarua cha ziada, bustani. Kama mpira wa kwenye televisheni bado unakuwashia hamu, uache kwa msimu mmoja. Utarudi kuukuta.

## Ukianguka

Inaweza kutokea. Mithali 24:16 inasema mwenye haki huanguka mara saba akaondoka tena. Fanya mambo matatu siku hiyohiyo, kwa mpangilio huu: mwombe Mungu, mpigie mlezi, andika kwenye daftari saa, mahali na mlango uliotumia. Kisha ufunge mlango huo.

Usifanye hili: kumalizia pesa iliyobaki kwa hoja kwamba "nimeshaharibu". Aliyepoteza 2,000 akasimama ameshinda kitu kikubwa.

## Lini utafute daktari pia

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa magonjwa ICD-11 ulioanza kutumika mwaka 2022, limeorodhesha uraibu wa kamari kama ugonjwa. Kama umefanya hatua hizi kwa uaminifu na bado huwezi kulala, unaiba, unakopa kila siku, au kubeti kumekaa na pombe, nenda hospitali uombe kuonana na mtaalamu wa afya ya akili. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Kama wazo la kujiua limepita kichwani kwa sababu ya madeni, usimalize kusoma. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, na mwende hospitali pamoja. Deni hujadiliwa, hata kubwa.

## Kujiandaa na kurudi kwake

Luka anamaliza habari ya jangwani kwa kusema Ibilisi akamwacha Yesu "kwa muda". Kwako, muda huo una tarehe. Kaa na mlezi mzipigie alama kwenye kalenda: Agosti ligi za Ulaya zinapoanza, wiki za AFCON na Kombe la Dunia, mwezi wa bonasi au mavuno, siku ya malipo ya kikundi, na safari yoyote ya kulala peke yako mbali na nyumbani. Wiki moja kabla ya kila alama, rudia hatua ya 4 nzima, maana simu mpya au laini mpya hufungua milango uliyofunga, na mkae tena jioni moja mtaje kwa jina deni lililobaki.